Logo ya dakika tano, mdai pesa yote

Mwanangu,

Meseji yako ya jana usiku nimeiona, ile unauliza "mama, logo imenijia dakika tano tu, nikimtajia mteja bei ile ile si nitakuwa namwibia?" Nikasema lazima nikuandikie vizuri, maana hilo swali na mimi lilinitesa miaka kwenye hii hii kazi ya dizaini.

Humwibii hata kidogo. Mwangalie Paula Scher, yule dizaina wa New York. 1998 benki ya Citicorp na kampuni ya bima ya Travelers wanaungana, yeye anatakiwa kutoa logo ya Citi, na Travelers alama yao ni mwavuli mwekundu, basi kwenye kikao cha kwanza kabisa akachora kwenye tishu, akaona kumbe ile t ndogo mkia wake umejikunja kama mkono wa mwavuli, ukiweka upinde juu mwavuli umekamilika na neno Citi bado linasomeka. Mimi hiyo t kila nikiiona nafurahi upya, kweli kabisa.

Lakini huyo mama alikuwa anakaribia miaka 50, miaka ya 70 sehemu kubwa yupo CBS Records, kampuni ya muziki, anatoa makava ya albamu mfululizo, na 1994 alishaifanyia Public Theater, jumba la maigizo la New York, zile herufi nene na nyembamba zinazopiga kelele kwenye mabango. Kichwa kilishajaa herufi, ndo maana mwavuli ulipotajwa mkono ukaenda wenyewe. Na mwenyewe husema kuchora logo siyo sehemu ngumu, ngumu ni kushawishi watu waikubali na kuitumia, hapo ndo vikao juu ya vikao.

Sasa nikwambie kosa langu ambalo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa mdogo kikazi nilipata wazo siku ile ile, herufi mbili zimeshikana, safi, afu nikaona aibu kulipeleka mapema hivyo. Nikakaa nalo wiki mbili naongeza kivuli, naongeza rangi ya tatu, naongeza duara, ili tu ionekane nimehangaika. Mteja akalipa vizuri. Baadaye nikaiona kwenye muhuri wao, imekuwa doa jeusi, hata herufi huzioni. Mpaka leo inaniuma, nililiharibu wazo zuri kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwahiyo hizo siku zilizobaki usizitumie kupamba. Iprinti nyeusi tupu, ipunguze mpaka iwe ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, ilaze usiku mmoja afu uitazame asubuhi kabla hujaongea na mtu. Ikisimama, mpelekee mteja ikiwa kwenye vitu vyake halisi, risiti, fulana, kibao cha mlangoni, umweleze kwa nini iko hivyo, na bei taja ile ile bila kuomba samahani.

Afu nitumie na mimi nione. Ule mchoro wa kwanza wa penseli, usinitumie uliosafishwa.

Mama yako