Wakulima wa Korea walipataje wakubwa?

Shikamoo, Mwalimu. Nauza mchele hapa Tandale. Mwanangu kanionyesha picha ya jiwe mfano wa meza, anasema ni kaburi la wakulima wa kale wa Korea. Mkulima alizikwaje kifahari hivyo?
Mama Rehema

Marahaba, mama. Mwanao yuko sahihi. Kuanzia kama mwaka 1500 KK, watu wa rasi ile walitegemea zaidi kilimo: mpunga, soya, na nafaka ndogo zinazofanana na ulezi. Pale Daepyeong, kijiji cha kale cha wakulima hao, wachimbaji walikuta mashamba yenye matuta kabisa, kama yetu ya viazi! Masuke waliyakata kwa kisu cha jiwe chenye umbo la nusu mwezi na matundu mawili ya kupitisha kamba, kishike vizuri mkononi. Kisu hicho hunigusa kuliko makaburi yenyewe.

Sasa, wewe unajua ghala lililojaa linavyomfanya mtu asikilizwe. Akiba huwapa wachache nguvu ya kuita wenzao kazini, na jiwe la makumi ya tani halisogei bila umati. Hivyo ndivyo ninavyoelewa mimi. Na mazishi nayo hayakuwa sawa. Mwaka 1974, huko Songguk-ri, kijiji kingine cha kale, lilifunguliwa kaburi lenye jambia la shaba nyeusi, jambia la jiwe na shanga za mawe ya kijani. Jirani zake wengi hawakuzikwa na vitu kama hivyo.

Mwambie kijana atafute picha za makaburi ya mawe ya Gochang, Hwasun na Ganghwa, yaliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.