Barua kwa mwanangu: Mungu amemsamehe, na wewe je?

Mwanangu,

Barua yako imenifikia, na nimekaa nayo kwa muda kabla ya kushika kalamu. Umeuliza maswali mawili ukayafunga pamoja. La kwanza ni la kitabuni: Wayahudi hawana hekalu, hawachinji tena wanyama wa kafara, na Yesu hawamkubali kuwa Masihi, sasa dhambi zao zinaondolewa na nini? La pili ndilo linalokuuma. Yule mwenzako aliyekula fedha zenu za biashara amesimama kanisani akashuhudia kwamba ametubu na Mungu amemsamehe. Watu wakapiga makofi, na wewe umekaa palepale, hajawahi kukwambia hata neno moja. Ulipomsimulia rafiki yako Myahudi, akakushangaa: "Amesamehewaje kabla hajaja kwako?" Ukakosa la kumjibu.

Nianze na hilo la rafiki yako, maana hakulitunga yeye. Limo katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, uliokamilika karibu mwaka 200 baada ya Kristo. Wanapoizungumzia Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, wanasema siku hiyo hufunika makosa yaliyo kati ya mtu na Mungu. Yaliyo kati ya mtu na mwenzake haiyafuniki mpaka amwendee mwenzake na kumridhisha. Hebu fikiria uzito wake. Mtu anafunga kuanzia kabla jua halijatua mpaka usiku wa siku ya pili, hali chakula wala hanywi maji. Anashinda sinagogi. Anaungama dhambi zilizopangwa kwa mfuatano wa herufi za Kiebrania, tumekosa, tumesaliti, tumenyang'anya, na kwa kila neno anajigonga kifua. (Wanaungama kwa wingi, "tumefanya", hata mtu asiyefanya.) Jua likizama siku inakwisha, na kama alimdhulumu jirani yake na hajamwendea, dhuluma ile iko palepale.

Karne kumi hivi baadaye Moses Maimonides, mwanasheria na tabibu aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufariki Misri mwaka 1204, aliyapanga mambo haya kwa utaratibu ambao Wayahudi wanaurejea hadi leo. Toba kwake ni kuiacha dhambi, kukata shauri moyoni kutoirudia, kujutia yaliyopita, na kuyatamka kwa mdomo. Kama umemkosea mtu, unalipa kwanza kilicho chake, kisha unakwenda kumwomba radhi. Maana hata ukilipa, bado hujamaliza mpaka umwombe. Akikataa, unarudi na watu watatu wakusemee. Akikataa tena, unarudi tena, mpaka mara tatu. Baada ya hapo unamwacha, na kosa linabaki kwake aliyekataa kusamehe. Akiwa ni mwalimu wako, unakwenda hata mara elfu. Na akiwa amekufa? Unachukua watu kumi, mnakwenda kaburini kwake, unasema mbele yao kwamba umemkosea Mungu na umemkosea mtu huyu, na unataja ulichomfanyia. Deni lake unawalipa warithi. Kama warithi hawajulikani, fedha unaiweka mahakamani.

Nakiri napenda ukali huu. Hauachi mlango wa nyuma.

Maimonides anaongeza kipimo cha toba kamili: mtu ajikute tena katika nafasi ileile, uwezo anao na tamaa anayo, kisha ajizuie kwa sababu ametubu, wala si kwa woga au kwa kuishiwa nguvu. Kwa mwenzako maana yake ni kukabidhiwa tena mfuko wa fedha za watu. (Asikabidhiwe na wewe, tafadhali.)

Sasa hilo la hekalu. Sisi tumezoea kufundishwa kwamba katika Agano la Kale kila dhambi ilikuwa na mnyama wake, ukichinja umesamehewa. Fungua Mambo ya Walawi mlango wa 6, uone habari ya mtu aliyemdhulumu mwenzake katika amana. Anarudisha alichochukua chote, anaongeza juu yake sehemu ya tano, anamkabidhi mwenyewe, ndipo anapompelekea kuhani kondoo dume. Bila malipo, kondoo yule hana kazi. Rudi mlango mmoja nyuma, wa 5, umkute maskini asiye na uwezo hata wa njiwa wawili. Anaruhusiwa kuleta unga kidogo, na imeandikwa kwamba atasamehewa. Hapo hakuna damu hata tone. Mwandishi wa Waebrania alilijua hilo, ndiyo maana aliposema pasipo kumwaga damu hakuna ondoleo alitanguliza kwamba kwa torati ni "karibu vitu vyote" vinavyosafishwa kwa damu. Tunapoinukuu aya hiyo, lile "karibu" huwa tunalimeza.

Hekalu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, Wayahudi walilia kweli. Katika mapokeo yao wanasimulia kwamba Rabi Yohanan ben Zakkai alikuwa akipita karibu na magofu pamoja na mwanafunzi wake Yoshua, naye Yoshua akasikitika kwamba mahali pa kufanyia upatanisho wa dhambi za Israeli pamekuwa magofu. Rabi akamwambia asihuzunike, wanao upatanisho mwingine ulio sawa na ule, nao ni matendo ya fadhili. Akamtajia maneno ya nabii Hosea, kwamba Mungu anataka fadhili wala si sadaka. Aya hiyohiyo Yesu aliitumia mara mbili katika Injili ya Mathayo, mlango wa 9 na wa 12. Wote wawili walikuwa wana wa karne moja na nchi moja.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba Myahudi anaamini Mungu humpokea mwenye kutubu moja kwa moja, kwa rehema zake, bila mpatanishi. Toba, sala na sadaka kwa maskini ndivyo anavyomrudia. Mchana wa Yom Kippur wanasoma kitabu cha Yona chote, habari za Ninawi, mji wa mataifa ambao haukuwa na hekalu wala kuhani wa Israeli. Marabi waliona jambo hapo: haikuandikwa kwamba Mungu aliona magunia yao na kufunga kwao, imeandikwa aliona matendo yao, kwamba wameiacha njia yao mbaya.

Hapo ndipo tunapoachana nao, na sitaki nikufiche kwa heshima ya uwongo. Kwao mtoto huzaliwa na roho safi, ndani yake mna mwelekeo wa wema na mwelekeo wa uovu, naye ana uwezo wa kuchagua. Sisi tumefundishwa na Paulo, na katika makanisa ya Magharibi zaidi na Augustino, yule mwalimu wa kanisa la kale, kwamba binadamu ameharibika tangu mzizi na hawezi kujinyanyua mwenyewe. Waorthodoksi hawalisemi kwa namna ileile, lakini nao wanamhitaji Kristo kama sisi. Kwetu msalaba ndio uliofungua mlango, na toba ni kuingia. Kwa Myahudi mlango haukuwahi kufungwa. Kutokana na tofauti hiyo wengi wetu hutoa hukumu ya haraka kwamba wao wanajiokoa kwa matendo na sisi tunaokolewa kwa neema. Usiirudie mbele ya rafiki yako. Wanasali kwa maneno ya Maombolezo, wakimwomba Mungu awarudishe kwake ndipo nao watarudi. Anayeomba hivyo hajidai kwamba ameanza yeye.

Halafu mtazame Yesu mwenyewe. Anasema ukiwa madhabahuni na sadaka yako mkononi, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka hapohapo, ukapatane naye kwanza, kisha urudi. Ni utaratibu uleule wa Mambo ya Walawi: mtu kwanza, madhabahu baadaye. Na Zakayo je? Alisimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Torati ingemdai sehemu ya tano tu juu ya alichochukua. Yesu aliposikia ndipo akasema wokovu umefika nyumbani humo. Hakumwambia, "Acha hayo, neema inatosha."

Basi ushuhuda wa mwenzako haupungukiwi na Uyahudi, unapungukiwa na Injili yenyewe. Makanisa yanajua hivyo, yanaposoma mafundisho yao. Wakatoliki waliagizwa na Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wao wa mwaka 1215, kuungama walau mara moja kwa mwaka, na Katekisimu yao inasema ondoleo la padri huondoa dhambi lakini halitengenezi yote yaliyoharibiwa nayo: kilichoibwa kirudishwe, jina lililochafuliwa lisafishwe. Luther alianza hoja zake 95 za mwaka 1517 kwa kusema maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Hakukusudia kurahisisha kitu. Ila sisi Waprotestanti, tulipoamua kila mtu aungame kwa Mungu wake peke yake, tulipoteza yule mtu wa kukuuliza, "Na zile fedha umerudisha?" Hapo naona tumejiachia mno.

Najua watakutajia Daudi. "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako," anasema katika Zaburi ya 51, baada ya kumchukua mke wa Uria na kumpeleka Uria akauawe vitani. Wewe peke yako! Na Uria? Aya hii imewapa wengi pa kujificha. Lakini soma 2 Samweli mlango wa 12 mpaka mwisho. Nathani anamwambia Daudi kwamba Bwana ameiondoa dhambi yake na hatakufa, na katika mazungumzo yaleyale anamwambia upanga hautaondoka nyumbani mwake. Alisamehewa, na bado Uria alibaki ndani ya hesabu.

Nije kwako sasa, maana najua swali hasa ni kama unalazimika kumsamehe mtu ambaye hajakuomba.

Rafiki yako atakwambia hulazimiki. Akija kwa kweli, akalipa na kuomba, hapo ukimkatalia utakuwa mkatili, na Mishna inamtaja Abrahamu aliyemwombea Abimeleki, mfalme aliyekuwa amemchukua mkewe. Kabla ya hapo deni ni lake. Lakini usidhani Myahudi ameruhusiwa kulea kinyongo. Mambo ya Walawi 19 inakataza kumchukia ndugu moyoni na inaagiza kumkemea, na Maimonides anasema aliyekosewa asinyamaze kwa chuki, amwendee amuulize, "Kwa nini umenitendea hivi?" Tena wapo wanaosali kila usiku kabla ya kulala, wakisema wamewasamehe wote waliowaudhi siku hiyo. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote.

Kwetu mambo ni mazito zaidi upande wa aliyekosewa. Yesu aliwaombea waliomsulubisha wakiwa hawajaomba chochote, na Stefano akafuata. Ametufundisha kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe. Kwa hiyo sikuruhusu ukae na uchungu ukingoja mtu ambaye huenda asije kamwe. Lakini Yesu huyohuyo, katika Luka 17, anasema ndugu yako akikosa umkemee, na akitubu umsamehe. Na katika Mathayo 18 anaanza kwa kukutuma wewe uliyekosewa: nenda ukamwonyeshe kosa lake, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Asiposikia hao, liambie kanisa. Kumsamehe moyoni hakukuzuii kudai chako, wala hakukulazimishi kusema amina kwenye ushuhuda uliokuruka.

Ningekuwa wewe, ningemwandikia kabla hajashuhudia tena. Mwandikie kwa upole, bila maneno ya kanisani, utaje kiasi cha fedha na siku aliyozichukua. Mwambie umesikia kwamba ametubu na umefurahi, na kwamba unamngoja. Akikuletea mojawapo ya zile jumbe za "kama nimekukosea popote nisamehe", anazotumiwa kila mtu kwa pamoja, usizihesabu. Rafiki yako atakwambia hata wao wanazo, hufurika kila mwaka Yom Kippur ikikaribia, na marabi hawazipendi. Atakayekuja ataje alichofanya.

Na ile sala ya kulala, mwombe rafiki yako akusomee kwa Kiebrania, nawe uniandikie ilivyosikika.

Mama yako