Jibu kwa anayetaka kung'arisha ER: KDEL isizibwe mkia

Dada, simama hapo hapo. Usiagize praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) bado.

Umeuliza plasmidi (duara dogo la DNA la kuingiza kwenye seli) ya kung'arisha ER, ule wavu wa utando ndani ya seli, plasmidi ya mitokondria, na hadubini ya kuazima kati ya Moshi na Arusha. Mimi nimekwama kwenye la kwanza, pale ulipoandika kwamba ishara ya kalretikulini (protini ya ER) na KDEL (amino asidi nne, kila herufi moja, za kuibakiza protini ER) utavichomeka vyote kwenye plasmidi ya pEGFP-N1, mbele ya EGFP, ile protini inayong'aa kijani, kwa sababu “upande haujalishi”. Nani kakudanganya? Nami niliambiwa maneno hayo hayo na mkubwa wangu wa kazi hapa Moshi, tena kwa kujiamini kabisa. Yalinigharimu miezi minne.

Ile N1 maana yake kipande chako kinakaa mwanzoni na EGFP inabaki mkiani. Ishara ya kuingilia ER inataka kukaa mwanzoni, hapo huna kosa. Lakini KDEL lazima iwe amino asidi nne za mwisho kabisa, kisha kodoni ya kusimamisha (herufi tatu za DNA zinazomaliza protini). Kipokezi chake kule Golgi, kituo cha kupanga na kusafirisha protini ndani ya seli, hushika mkia ulio wazi na kuirudisha protini ER. Ukiubandika EGFP nyuma yake, hakishiki kitu. Protini inapita Golgi na kumwagwa nje ya seli.

Ndivyo ilivyonikuta. Nilitegemea wavu uliotanda seli nzima ya HeLa (seli za binadamu zinazokuzwa maabara). Nikaona kijani hafifu na doa moja kando ya kiini. Mkubwa akasema plasmidi haiingii. Nikaongeza DNA. Nikaagiza dawa nyingine ya kuingizia DNA kwenye seli, kichupa kidogo kilichosafiri na barafu kutoka Dar, nikalipa kwa posho yangu. Seli zikafa, doa likabaki. Nilipomuuliza kuhusu KDEL, akaweka kidole kwenye mkia wa EGFP: “DEL si hiyo hapo?” Kweli, EGFP huishia na amino asidi MDELYK. Lakini mbele ya DEL kuna M, na nyuma yake kuna Y na K! Mtu mzima, na mfuatano uko wazi mbele yake! Hasira ile haijaniisha.

Kwa hiyo: ishara, EGFP, KDEL, simama. Praima yako ya kurudi (inayoanzia mwishoni, hivyo huandikwa kinyume), baada ya eneo la kimeng'enya cha kukatia DNA, iandikwe TTACAGCTCGTCCTT ndipo ifuate CTTGTACAGCTCGTCCAT inayoshika mwisho wa EGFP. Kodoni ya zamani ya kusimamisha iondoke, la sivyo KDEL haitasomwa kabisa.

Kwa mitokondria N1 inakufaa, maana ishara ya COX8 (protini ya mitokondria) hukaa mwanzoni.

Kabla hujalipa, tafsiri DNA yote iwe protini, uisome hadi herufi ya mwisho. Programu ikuchoree duara zuri namna gani, wewe soma mkia. Bandika hapa amino asidi 20 za mwisho, nitakusomea leo leo usiku.