Kurusha Kisahani Ukiwa Umeketi

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimesikia habari za mwanamke wa Ireland mwenye mguu mmoja aliyepata medali za Paralimpiki kwa kurusha kisahani. Ni nani, na hurushaje bila kujizungusha?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, bila shaka unamkusudia Orla Barry wa Cork, aliyepata shaba London mwaka 2012 na fedha Rio de Janeiro mwaka 2016, michezo ileile ambayo Mganda mwenzetu David Emong alipata fedha katika mita 1500. Katika kundi lake la F57, yaani kundi la warushaji wenye ulemavu wa miguu wanaorusha wakiwa wameketi, mrushaji huketi juu ya kiti maalumu kilichofungwa imara ardhini, ambacho kimo chake hakiruhusiwi kuzidi sentimita 75 pamoja na mto wake. Na kwa kuwa hawezi kujizungusha, nguvu hutoka kiunoni na begani, huku wengi wakishika nguzo ya kiti kwa mkono wa pili ili kujivuta mbele. Kisahani ni cha kilo 1, kama cha wanawake wengine. Mara zote mbili dhahabu ilichukuliwa na Nassima Saifi wa Algeria, ambaye, kwa maoni yangu, sisi waandishi wa Afrika hatujamtangaza inavyostahili.