Binti aliyejifungua anarudi shule ya serikali

Binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaweza kurudi shule ya serikali, hata ile ile aliyokuwa akisoma hapa kwetu Bahi, Dodoma. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 unaruhusu, na mwongozo wake unatoa miaka miwili tangu alipoacha, kwa hiyo msichelewe. Mzazi aende naye kwa mkuu wa shule. Wakizungushwa, waende kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Sekondari wilayani. Kama aliacha akiwa kidato cha pili kabla ya upimaji, ajiandae kwamba huenda akaanza tena kidato hicho.

Kibali si kazi kubwa. Kazi ni mtoto. Shule zinafunguliwa Januari, na huku kwetu ndio msimu wa palizi: bibi aliyeahidi kulea yuko shambani toka alfajiri, binti anakosa vipindi siku mbili, tatu, kisha haonekani tena. Kaeni na ndugu na majirani wawili watatu kabla hajavaa sare, mpange nani anabaki na mtoto siku gani, na nani anampalilia huyo anayebaki. Mtoto akiwa chini ya miezi 6 bado ni wa kunyonya tu, hivyo shule ya mbali haitawezekana bila maziwa ya kukamua. Mchango wa mahindi na maharage ya chakula cha mchana ulipwe mapema, maana anayenyonyesha hawezi kushinda na njaa.

Miaka miwili ikipita, ulizieni vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.