Mume wangu na viazi vyake, nimechoka

SWALI: Anti, mugonile. Mi ni mama wa watoto wanne huku Isyonje. Mume wangu analima viazi tangu ananioa, na kiukweli viazi ndo vimetujengea hii nyumba, sikatai. Ila misimu hii ya karibuni vinanyauka shambani, yeye anakimbilia dukani kununua dawa ya ukungu anapuliza, vinakufa, msimu ukifika anakopa tena anapanda shamba lilelile, mbegu ileile aliyoitunza stoo. Nikimwambia tuachane na viazi kabisa tupande parachichi kama wenzetu wa Njombe anasema simu imeniharibu akili. Baba yake viazi, babu yake viazi, basi. Nifanyeje na mtu asiyebadilika? Ndaga fijo.
Mama wanne, Isyonje

JIBU: Dada yangu, humo kwenye barua naona wabishi wawili, sio mmoja, usinikasirikie. Yeye kang'ang'ania viazi, we umeng'ang'ania parachichi, na hakuna aliyeuliza hivyo viazi vinakufa na nini.

Dawa ya ukungu inasaidia ukungu, ule unaoleta mabaka meusi kwenye majani mvua na baridi vikizidi. Lakini mmea ukinyauka ungali kijani, mchana unalala, jioni unajiinua kidogo, siku mbili tatu mbele hauinuki tena, hapo mara nyingi ni mnyauko bakteria, na huo hauna dawa ya kupuliza, hata mnunue duka zima. Kuupima ni kazi ndogo: kata shina la mche ulioanza kunyauka, karibu na udongo, kining'inize kipande kwenye glasi ya maji safi msiitikise, msubiri dakika chache. Mkiona nyuzinyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka toka kwenye shina, ndo wenyewe. Msipoziona, beba mche na mizizi yake umpelekee bwana shamba. Na kupima mpime wote, sio unapima peke yako halafu unaenda kumwambia "si nilikwambia", mwanaume wa hivyo ukimshinda kwa maneno anapanda viazi mpaka mlangoni.

Wakiwa ni hao bakteria, basi wanakaa kwenye udongo na kwenye mbegu, kiazi unakiona kizima kumbe kimebeba ugonjwa, kwa hiyo mbegu ya stoo inawarudisha palepale kila msimu. Shamba hilo liache viazi kwa misimu kadhaa, mpande mahindi au ngano, msiweke nyanya wala bilinganya wala pilipili maana ni ndugu zake viazi wanaugua pamoja. Vinavyojiotea ng'oeni, majembe yaosheni kabla ya kuingia shamba lingine. Mbegu safi kaulizeni TARI Uyole, kile kituo cha utafiti wa kilimo cha Mbeya, toka kwenu sio mbali, na hapo bado mzee ni mkulima wa viazi, hajapoteza cha baba yake.

Parachichi sipingi. Ila ile aina ya Hass, mche wa kubebesha (wa kuunganisha), inaanza kuzaa kama mwaka wa 3 hivi, na mavuno ya maana yanakuja baadaye, sasa ada za watoto wanne zitatoka wapi hapo katikati? Wa Njombe unawaona siku wanauza, ile miaka ya kungoja nani anaiweka kwenye simu! Anzeni na kipande, katikati ya miche ikiwa midogo pandeni maharage.

Halafu mkae mkubaliane sasa hivi, kabla hamjapanda chochote, nini kikitokea mtabadilisha. Mfano, viazi vikinyauka tena hata kwenye shamba jipya na mbegu safi, mzee anapunguza eneo bila ugomvi. Miche ya parachichi ikikataa, au mnunuzi wa uhakika hamumuoni, we huongezi mingine. Ukisubiri kuamua siku hasara imeingia mtaamua kwa hasira, yeye atatetea ukoo na we utatetea simu.

Mkopo wa msimu huu kama hajauchukua bado, mwombe asubiri mpaka mmeshapima.