Kanzidata ikigoma, tazama kabla ya kuizima

Simu nyingi ninazopigiwa na wenzangu wanaotunza seva za PostgreSQL, programu ya kanzidata, huanza hivi: “Nimeshaizima na kuiwasha, ikatulia kidogo, sasa hali imerudi vilevile.” Nikisikia hivyo najua kazi imekuwa ngumu maradufu. Nani alikuwa ameunganishwa, nani alikuwa amemzuia nani, swali lipi (yaani amri ya kuomba au kubadilisha data) lilikuwa bado linaendelea tangu asubuhi: hayo yote yanaonekana wakati seva ingali hai tu. Ukizima, yamekwenda. Chanzo cha tatizo kinabaki palepale, na kitarudi siku ya mishahara wakati kila mtu anautumia mfumo.

Ndiyo maana nawasihi wenzangu dakika za kwanza ziwe za kutazama na kuhifadhi kilichoonekana. Fungua psql, programu ya kuandikia amri za PostgreSQL, andika hivi, na matokeo uyaweke kwenye faili:

SELECT pid, usename, state, wait_event_type, now() - xact_start AS muda, left(query, 80) FROM pg_stat_activity ORDER BY xact_start;

Muamala, yaani kundi la amri zinazokamilika au kufutwa kwa pamoja, ulio mkongwe kuliko yote utakuwa juu kabisa. Mimi hutazama kwanza safu ya state. Ukikuta mistari mingi yenye “idle in transaction” na muda wake umepita dakika kadhaa, mara nyingi umeshamwona mhusika. Hiyo ni programu iliyofungua muamala, ikafanya kazi yake nusu, kisha ikakaa kimya bila COMMIT (kuthibitisha) wala ROLLBACK (kutengua).

Kwetu huku chanzo ninachokutana nacho mara kwa mara ni malipo ya simu. Programu inafungua muamala, inaandika oda, halafu ndani ya muamala huohuo inatuma ombi kwenye mtandao wa simu na kusubiri mteja aweke namba ya siri. Mteja yumo ndani ya daladala, simu iko mfukoni. Muda wote huo muunganisho umeshikwa na mstari wa oda umefungwa kufuli, wengine wasiweze kuubadilisha. Wakija wateja wengi kwa pamoja, nafasi za kuunganishwa zinakwisha na logi inaandika “sorry, too many clients already”.

Hapo wengi hukimbilia kupandisha max_connections, kikomo cha miunganisho, kutoka 100, kiwango cha kawaida, hadi 1000. Nakushauri usifanye hivyo. Katika PostgreSQL kila muunganisho ni mchakato wake kamili kwenye mfumo endeshi, na kila upangaji wa data ndani ya swali moja unaweza kuchukua kumbukumbu hadi kiwango kilichowekwa kwenye mpangilio wa work_mem. Utakuwa umehamisha tatizo kutoka kwenye nafasi kwenda kwenye RAM, na RAM ikiisha Linux yenyewe itaanza kuua michakato. Waambie waandishi wa programu waandike oda, wafanye COMMIT, ndipo waite mtandao wa simu. Jibu likirudi wafungue muamala mwingine. Wakati wanarekebisha, weka idle_in_transaction_session_timeout, kikomo cha muda wa muamala uliokaa kimya, iliyopo tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, iwe dakika moja au mbili. Kama miunganisho bado ni mingi, weka PgBouncer katikati, programu inayogawana miunganisho michache kwa wateja wengi.

Kuna jambo dogo hapa ambalo limewafungia wengi nje ya seva zao. PostgreSQL hutenga nafasi 3 kwa ajili ya msimamizi mkuu ili aweze kuingia hata kukiwa kumejaa. Lakini kama programu yako inaingia kwa jina la postgres, nafasi hizo nazo itazila. Ipe programu mtumiaji wake mwenyewe, mwenye haki zile tu inazozihitaji.

Kuhusu kufuli, tumia pg_blocking_pids(pid) ikuonyeshe anayezuia. Mara nyingi ni ripoti ndefu, na nyuma yake kuna ALTER TABLE, amri ya kubadilisha muundo wa jedwali, inayosubiri. Ile ALTER ikishapanga foleni, kila anayetaka jedwali hilo naye anapanga nyuma yake, hata wa kusoma tu. Kabla ya kubadilisha jedwali kwenye seva inayotumika andika SET lock_timeout = '3s'; ikishindikana utajaribu tena baadaye bila kumuumiza mtu. Ukilazimika kumtoa anayezuia, anza na pg_cancel_backend inayositisha swali lake, kisha pg_terminate_backend inayokata muunganisho wake. Usitumie kill -9, amri ya Linux ya kuua mchakato kwa nguvu. Mchakato mmoja ukifa namna hiyo, seva hukata miunganisho yote na kuanza kujirejesha upya.

Sasa diski kujaa, tatizo linaloniogopesha kuliko mengine, kwa sababu ndipo watu wanapofuta vitu kwa haraka. Utaangalia kwa du na kukuta saraka ya pg_wal imekula mamia ya gigabaiti. Kabla ya toleo la 10, mwaka 2017, ilikuwa inaitwa pg_xlog, na jina hilo liliwafanya watu wadhani ni logi za kawaida tu, wakazifuta. Hizo ndizo kumbukumbu za mabadiliko ambazo seva huzitegemea ili data ibaki salama. Ukizifuta kwa mkono, seva inaweza isiwake tena, au iwake na data iliyoharibika.

Uliza kwa nini hazifutwi zenyewe. Sababu ni chache. Huenda archive_command, amri ya kuhifadhi kumbukumbu hizo kwingine, inashindwa, na hilo utalikuta kwenye logi. Au kuna seva ya pili iliyokuwa inanakili data kutoka seva kuu, ikazimwa, na nafasi yake ya kunakili imebaki. Tazama pg_replication_slots, ukiona active ni f (haitumiki) na una hakika hakuna anayeitumia tena, iondoe kwa pg_drop_replication_slot, na kwenye checkpoint zinazofuata, seva inapohifadhi mabadiliko kwenye faili za data, diski itaanza kupumua. Tangu toleo la 13 la mwaka 2020 kuna max_slot_wal_keep_size ya kuweka kikomo, ila thamani yake ya awali haina kikomo chochote, kwa hiyo ni juu yako kuiweka.

Na usitegemee DELETE ikurudishie nafasi ya diski. Amri ya VACUUM FULL huirudisha, lakini inaandika jedwali upya pembeni kwanza, yaani inahitaji nafasi ambayo huna, na inalifunga jedwali mpaka imalize. Mimi huacha faili la kujaza nafasi tu la gigabaiti mbili kwenye diski ya data, ili siku ikijaa nilifute na kupata pa kupumulia.

Umeme ukikatika ghafla, seva ikiwaka itaandika kwamba haikuzimwa vizuri na kwamba inajirejesha. Iache imalize, hata ikichukua muda mrefu. pg_resetwal, chombo cha kufuta kumbukumbu za mabadiliko kwa nguvu, usiiguse kwa sababu ya kukosa subira, na fsync, inayohakikisha data imeandikwa kweli kwenye diski, isizimwe kamwe kwenye data ya watu.

Maswali yanayochelewa ni somo la siku nyingine. Washa log_min_duration_statement uyajue, fanya ANALYZE, inayosasisha takwimu za majedwali, baada ya kuingiza data nyingi, na kumbuka kwamba EXPLAIN ANALYZE, inayoonyesha namna swali linavyoendeshwa, inalitekeleza swali kwelikweli. Ukiipa DELETE, itafuta. Itangulize BEGIN na umalizie ROLLBACK.

Yaliyotokea GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, tarehe 31 Januari 2017 kila msimamizi ayasome, kwa sababu waliyaeleza wenyewe hadharani. Mhandisi aliyekuwa akihangaika usiku na tatizo la kunakili data alifuta saraka ya data akidhani yuko kwenye seva ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipositisha, kati ya gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki takriban 4.5. Wakageukia nakala rudufu: pg_dump, chombo cha kutengenezea nakala, ya toleo la 9.2 ilikuwa inashindwa dhidi ya seva ya 9.6, na barua pepe za kuwaonya zilikuwa zinakataliwa kabla ya kufika. Wakaokolewa na picha ya diski iliyochukuliwa kama saa sita kabla, na data ya saa hizo ikapotea.

Kwa hiyo usiridhike na faili la nakala lililopo kwenye folda. Kila mwezi chukua nakala ya karibuni, irejeshe kwa pg_restore kwenye mashine nyingine kabisa, kisha utafute tarehe ya malipo ya mwisho na idadi ya mistari ya majedwali makubwa ukalinganishe na seva kuu. Pima pia urejeshaji ulichukua muda gani, maana bosi wako atauliza swali hilo kabla ya mengine yote. Na kwenye terminali ya seva kuu, jina la seva liandikwe kwa rangi nyekundu.